Azam, DStv au StarTimes? Kwanza Mwangalie Fundi Anavyofunga Waya

Kiangazi mnaniuliza kisimbuzi kipi kina vifurushi nafuu. Masika yakianza, swali linabaki moja: mbona kinakatakata? Msomaji mmoja wa Mbagala kaniandikia kwamba kahama kampuni, kanunua dishi jipya na mazagazaga yake yote, na tatizo limemfuata huko huko. Limekufuata, ndugu yangu, kwa sababu ulihama kampuni ukabaki na fundi yule yule.

Kwa hiyo leo sihesabu chaneli. Orodha za chaneli zimejaa kwenye mabango na hazikai mwaka bila kupanguliwa. Nataka tuongelee kitu ambacho hakuna wakala atakayekutajia dukani: kile kichwa cha waya, kidogo kama ncha ya kidole, kinachoingia kwenye LNB, yaani kifaa kinachopokea mawimbi mbele ya dishi. Kampuni nimezipanga kwa mapenzi yangu, sifichi, ila hata namba moja wangu atakutesa kama kichwa hicho kimefungwa ovyo.

Jambo la kwanza, tofautisha mvua na fundi. Visimbuzi hivi vya dishi hutumia mawimbi ya Ku, gigahezi 10.7 hadi 12.75, na mvua kubwa huyameza. Hiyo haina dawa. Dishi kubwa linapunguza tu makali. Lakini mvua ikipungua, picha inatakiwa irudi ndani ya dakika chache. Kama mvua imekatika saa nne asubuhi na wewe bado unatazama kioo cheusi mpaka jua la saa nane likaushe vitu huko juu, basi maji yamo kwenye waya.

Dalili ya pili ni chaneli kadhaa kupotea huku nyingine zinaonyesha safi kabisa. Kisimbuzi hupeleka umeme kwenye LNB kwa waya ule ule unaoleta picha: volti 13 kwa kundi moja la chaneli, volti 18 kwa kundi la pili. Kichwa kikiota kutu, zile 18 zinafika pungufu na kundi lake lote linatoweka. Fundi akija atakwambia LNB imeungua, tubadilishe. Mnabadilisha, picha inarudi, unamshukuru na soda unampa. Kumbe kilichorudisha picha ni kwamba alikata ncha ya waya na kuvisha kichwa kipya. Mvua mbili tatu, mnaitana tena.

Kwangu nilipanda juu mwenyewe na spana. Kichwa kilizungushiwa tepu nyeusi ya umeme, ile ya kufungia nyaya za taa, imelegea kwa jua na kugeuka mfuko wa kuhifadhi maji. Nilipokifungua yalinichuruzika mpaka kiwikoni. Uzi wa shaba wa katikati ulikuwa kijani, na wavu wa alumini unaouzunguka umekuwa unga mweupe. Na fundi wa kazi hiyo alikuwa amechukua hela ya "vifaa" pembeni.

Sasa kampuni zenyewe.

Namba moja kwangu ni Azam. Nitasemwa, lakini mimi naangalia Simba na Yanga, na Ligi Kuu ya Bara iko kwao: mwaka 2021 walisaini na TFF mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya zaidi ya shilingi bilioni 225. Mama yangu naye haondoki kwenye tamthilia za Kituruki zilizoingizwa sauti za Kiswahili. Nyumba yenye watu wawili wa aina hiyo, mjadala umeisha. Kitu cha kuangalia ni upande. Setilaiti yao iko nyuzi 7 mashariki, kwa hiyo ukiwa Dar dishi linatazama karibu magharibi kamili, likiwa limeinuka nyuzi 50 na kidogo. Mwembe wa jirani au ghorofa linalopanda upande wa machweo ni adui yako. Simama unapotaka kufunga dishi mnamo saa tisa alasiri, uone jua limezibwa na nini. Mwembe usisahau unakua.

DStv ni namba mbili, na kwa anayetaka Ligi Kuu ya Uingereza ni namba moja bila ubishi, maana SuperSport ndiyo yenye haki. Maisha Magic Bongo nayo inatazamika. Malipo ya mwezi ya vifurushi vya juu siyasemi, nitapandisha presha. Tangu mwaka 2025 kampuni mama imo mikononi mwa Canal+ ya Ufaransa, na mimi nasubiri nione kama bei itatusikia. Ila upande wa kufunga, hapa ndipo pana jambo ambalo sijaona mtu akilisema. Setilaiti yao iko nyuzi 36 mashariki, na Dar iko nyuzi 39, kwa hiyo kwetu iko karibu utosini, nyuzi 80 hivi kutoka upeoni. Miti na maghorofa hayakusumbui, raha. Lakini dishi linalala kama sahani, na LNB inainama kulitazama, mgongo wake umeelekea mawinguni. Ulaya setilaiti ziko chini upeoni, LNB hutazama juu na tundu la waya huelekea chini, maji yanadondoka zake. Hapa kwetu kama tundu liko mgongoni, linakinga mvua. Ndiyo maana ile E48-32, ujumbe wa kukosa mawimbi, inakaa kwenye kioo muda mrefu baada ya mvua kuisha. Ukinunua DStv, chagua LNB ambayo waya unaingilia chini ya tumbo, au simamia kufungwa kwa kichwa kama unavyosimamia mizani ya muuza nyama.

StarTimes naiweka ya tatu. Kwa mjini wengi wanatumia antena yao, na antena haina haya mateso ya LNB. Hakikisha tu unajua unanunua kisimbuzi cha antena au cha dishi, maana muuzaji anayetaka kumaliza mzigo hakuulizi. Yale madishi ya chaneli za bure yanamfaa asiyetaka kulipia mwezi. Basi.

Kwa yeyote utakayemchagua, haya mdai fundi kabla hajapanda. Waya uwe wa dishi aina ya RG6, wa shaba. Wengi wanauza chuma kilichopakwa shaba juu. Chukua sumaku ndogo, gusa uzi wa katikati, ikinasa umeuziwa chuma. Kichwa kiwe cha kubanwa kwa mashine yake, si cha kuzungusha kwa vidole. Juu yake izungushwe tepu ya raba inayojishika yenyewe, kuanzia chini kwenda juu ili mikunjo imwage maji. Na kabla waya haujaingia dirishani auache uning'inie kidogo, maji yadondokee nje badala ya kufuata waya mpaka nyuma ya kisimbuzi chako.

Kisha nati. Dishi la sentimita 80 likiyumba nyuzi moja tu unapoteza karibu nusu ya nguvu, na upepo wa kusi hauombi ruhusa. Walio Kigamboni, Mbezi Beach, Tanga na Unguja waongeze grisi, chumvi ya bahari inakula nati za bei rahisi kabla mwaka haujageuka.

Usitoe hela kabla hajakufungulia ukurasa wa mawimbi kwenye kisimbuzi. Kuna mistari miwili, nguvu na ubora. Mafundi wanapenda kukuonyesha nguvu, maana huo unaweza kupanda hata dishi likitazama pengine. Wewe angalia ubora, upige picha, uhifadhi.

Na hii "ofa ya kufungiwa bure" inanikera kuliko yote. Bure inaishia kwenye mita kadhaa za waya ambazo hazitoki hata kwenye paa. Ukivuka, kila mita ina bei yake, bomba la kushikia dishi lina bei yake, na kutoboa ukuta nako kuna bei. Wakala anakwambia hayo ya fundi hayamhusu, fundi anakwambia yeye katumwa na wakala. Mwambie wakala aandike kwenye risiti urefu wa waya, aina ya kichwa na namba ya simu ya fundi atakayekuja. Akikataa, nenda duka la pili, Kariakoo hazikosi.