Uzoefu wangu Canton: kuwatafuta wawili wawili kwenye ukumbi wa sanamu

Mpwa wangu ana miaka 16, anacheza mpira wa Kimarekani shuleni kwao, na kwake yeye haijawahi kutokea kombinesheni ya mrushaji wa mpira na mpokeaji wake ya kuwazidi Patrick Mahomes na Travis Kelce wa Kansas City. Mimi ni mtu wa Peyton Manning na mpokeaji wake wa zamani, Marvin Harrison. Ubishi huu umetula jioni nyingi hapa Columbus, mpaka Jumamosi moja tukaingia kwenye gari, mwendo wa saa mbili hivi, tukaenda kuumalizia Canton, kwenye Pro Football Hall of Fame, jumba la kumbukumbu la magwiji wa mchezo huo.

Haukuisha. Lakini sijawahi kuifaidi siku kama ile tangu nianze kuupenda mchezo huu, ndiyo maana nawaandikia ninyi mnaofikiria kwenda.

Anayeshangaa kwa nini jumba kubwa hivi liko kwenye mji mdogo wa Ohio ajue kwamba ligi yenyewe, hii tunayoiita NFL leo, iliundwa hapo Canton mwezi Septemba 1920, kwenye duka la magari la Ralph Hay. Jumba lilifunguliwa mwaka 1963, na kuba lake lina umbo la mpira wenyewe. Jezi, helmeti na mipira ya zamani ni tele, ila mimi sikukaa sana huko. Nilifuata ukumbi wa sanamu.

Humo mwanga ni hafifu na watu wanazungumza kwa sauti ya chini bila kuambiwa. Kila gwiji aliyechaguliwa na kuingizwa humo ana sanamu yake ya shaba, kichwa na mabega. Na zimepangwa kwa mwaka wa kuingizwa, si kwa timu wala kwa nafasi. Maana yake ni kwamba mrushaji na mpokeaji wake hawakai pamoja. Ukitaka kumwona mtu na pacha wake, utembee. Kwangu mimi mwendo huo ndio uliokuwa utamu wa ziara nzima, kwa sababu kati ya mmoja na mwenzake unapata muda wa kufikiri.

Tulianza na San Francisco. Mrushaji Joe Montana yuko mwaka 2000. Mpokeaji Jerry Rice yuko 2010. Na katikati yao, 2005, yupo Steve Young, mrushaji aliyemfuata Montana. Nilisimama hapo muda mrefu. Ukimwuliza mtu pacha kubwa ya timu ile atakujibu haraka: Montana na Rice. Hata mimi nilikuwa najibu hivyo. Lakini hesabu za msimu wa kawaida zinasema Montana alimpa Rice tachidauni 55, yaani pasi zilizofika eneo la mwisho la wapinzani na kuleta pointi, na Young akampa 85. Kwenye Super Bowl, fainali ya ligi, ya Januari 1990, Rice alipata tachidauni 3 kutoka kwa Montana walipoifunga Denver 55-10. Januari 1995 akapata 3 tena, safari hii kutoka kwa Young, dhidi ya San Diego. Mrushaji kabadilika, mikono ni ileile.

Hapo mpwa wangu akanifundisha kitu. "Mjomba, Young si alikuwa wa mkono wa kushoto? Mpira wake unakujia ukizunguka kinyume. Lazima ujifunze kudaka upya." Mimi nimetazama mchezo huu miaka yote hiyo na sikuwahi kuliwaza hilo. Tangu siku ile nampa Rice heshima nyingine kabisa.

Kisha tukarudi nyuma kwenye miaka ya sabini: mpokeaji Raymond Berry, 1973, na mrushaji Johnny Unitas, 1979. Hawa ndio niliowapenda kuliko wote siku ile, na sikuwa nimewafuata wao. Timu zilipogawana wachezaji wapya kwa zamu, Berry alichaguliwa raundi ya 20 mwaka 1954. Unitas alichaguliwa na Pittsburgh mwaka 1955 wakamwacha kabla ya msimu kuanza, akawa anacheza mpira wa mtaani kwa dola 6 kwa mechi. Wakakutana Baltimore, na mazoezi yakiisha wenzao wakaondoka, wao wakabaki uwanjani. Berry anakimbia njia ileile tena na tena, Unitas anarusha, mpaka mpira ukawa unatoka mkononi kabla Berry hajageuka.

Matunda yake yakaonekana tarehe 28 Desemba 1958, Yankee Stadium, fainali dhidi ya Giants wa New York. Baltimore wako nyuma 17-14, zimebaki dakika chini ya mbili. Unitas akamrushia Berry mara tatu mfululizo, yadi 62 jumla. Wakasawazisha kwa mkwaju wa sekunde za mwisho, wakashinda 23-17 katika muda wa nyongeza. Siku hiyo Berry alidaka mipira 12 kwa yadi 178. Kila mtu uwanjani alijua mpira unakwenda wapi, na hakuna aliyeweza kuuzuia. Kwangu mimi hicho ndicho kipimo cha pacha ya kweli, kuliko idadi ya tachidauni.

Ingawa kwa idadi pia mtu wangu anashinda! Harrison yuko 2016, Manning 2021. Tachidauni 112 za msimu wa kawaida, rekodi ya pacha yoyote katika ligi. Mwaka 2002 pekee Harrison alidaka mipira 143. Mrushaji Tom Brady na mpokeaji wake Rob Gronkowski, ambao sanamu zao bado hazijafika, waliishia 90. Mpwa wangu alisikiliza yote, kisha akanijibu kwamba msimu wa kawaida ni kilimo na mtoano ndiyo mavuno: Januari 2024 Mahomes na Kelce waliipita rekodi ya Brady na Gronkowski ya tachidauni 15 za mtoano. Sikuwa na jibu la haraka. Manning na Harrison walichukua Super Bowl moja pamoja, wale wake wamechukua tatu. Hoja yake ina uzito, nakiri, japo sijahama.

Kuna pacha moja ya wakimbiaji nataka muitafute mkifika. Larry Csonka wa Miami yuko 1987. Msimu wa 1972, ule ambao Miami hawakupoteza mechi hata moja, Csonka na Mercury Morris walikuwa wenzi wa kwanza wa timu moja kufikisha yadi 1,000 za kukimbia na mpira kila mmoja katika msimu mmoja. Morris aliandikiwa 991 kwanza, picha za mechi moja zikatazamwa upya, akarudishiwa yadi 9 zake, zikawa 1,000 kamili. Mpwa wangu aliangaza macho huku na huku akauliza, "Na mwenzake yuko wapi?" Hayumo. Morris hajawahi kuingizwa. Tulikaa mbele ya Csonka kimya kidogo.

Kwa wanaokwenda: fikeni asubuhi, mtenge muda wa saa nne, na msiuache ukumbi wa sanamu mpaka mwisho mkiwa mmeshachoka. Mwanzoni mwa Agosti, wakati wa sherehe za kuwaingiza wapya, umati ni mkubwa. Kama mnataka utulivu chagueni mwezi mwingine. Andikeni majozi yenu na miaka yao kabla ya kutoka nyumbani. Natoa nyota tano, na nitarudi Gronkowski na Brady watakapoingia.

Njiani kurudi mpwa wangu hakusema kitu kwa muda. Kumbe alikuwa anamwandikia mrushaji wa timu yao ya shule, akimwuliza kama Jumatatu wanaweza kubaki uwanjani baada ya mazoezi.