Ping Eye 2 za Mitumba kwenye Nyasi za Nairobi: Tathmini Baada ya Miezi 14

Kwa muda wa miezi 14 sasa nimekuwa nikicheza gofu kwa seti ya fimbo za chuma ambayo muundo wake una umri mkubwa kuliko baadhi ya wachezaji ninaoanza nao mzunguko wa Jumamosi. Ni Ping Eye 2, fimbo zilizoingia sokoni mwaka 1982, nami nilizinunua zikiwa mitumba kutoka kwa mzee mmoja aliyelazimika kuacha mchezo kwa sababu ya maumivu ya mgongo. Nililipa shilingi 28,000 kwa fimbo tisa, kuanzia namba 3 (namba ndogo hupiga mbali zaidi) hadi weji ya mchanga, ile fimbo ya mipigo mifupi na ya kutoka mchangani. Ninaandika kwa ajili ya mchezaji wa ridhaa wa Nairobi, yule anayecheza mwishoni mwa juma na pengine jioni moja katikati, ambaye ana fedha za kununua seti moja kwa uangalifu na hana za kununua mara mbili.

Mimi nilinunua mara mbili. Seti yangu ya kwanza ilikuwa mpya, ikang'aa, na ilinigharimu zaidi ya laki moja katika duka moja la hapa mjini. Muuzaji aliniuliza bajeti yangu na rangi ya mfuko ninayoipenda, lakini hakuomba kuniona nikipiga hata mpira mmoja. Mipini yake ilikuwa ile migumu, inayomfaa mtu mwenye swingi, yaani mzungusho wa fimbo, ya kasi kubwa, na yangu si ya kasi. Mwaka mzima mipira yangu ilitoka chini na kukimbilia kulia, nami nikaamini kwamba dawa ni kuongeza nguvu, jambo lililozidi kuuharibu mpigo. Siku nilipomfikia kocha, alinitazama nikipiga mipira sita, akanipa fimbo namba 7 kutoka mfuko wake mwenyewe, na mpira wa pili ukapanda juu na kwenda moja kwa moja. "Kosa si la mkono wako peke yake," akaniambia. "Mpini huu haukusikii." Tangu siku hiyo sijanunua kifaa chochote cha gofu kabla ya kukipiga.

Kabla sijaeleza jinsi Eye 2 zinavyocheza, inafaa kujua zilikotoka, kwa sababu wazo lililozizaa ndilo linalozifanya zifae mpaka leo. Karsten Solheim alizaliwa Norway, akakulia Marekani, akawa mhandisi wa General Electric. Mwaka 1959 alitengeneza puta, fimbo ya kusukumia mpira shimoni, iliyokuwa ikitoa mlio mwembamba kila ilipogusa mpira, na mlio huo ndio ulioipa puta hiyo, na baadaye kampuni yake, jina la Ping. Aliona kwamba fimbo za wakati ule zilirundika uzito nyuma ya kitovu cha uso, hivyo mchezaji aliyekosea kitovu kwa upana wa kidole aliadhibiwa vikali. Yeye akauondoa uzito huo katikati na kuusambaza pembezoni, kwenye kisigino (upande wa mpini), kwenye ncha na kwenye wayo (sehemu ya chini). Mpira ukigonga pembeni, kichwa cha namna hiyo hakizunguki sana mkononi, na kwa hiyo mpira haupotezi umbali mwingi wala hautoki njiani kupita kiasi. Mchezaji wa kulipwa hupata kitovu karibu kila mara. Sisi wa Jumamosi hatukipati mara kwa mara kiasi hicho, na ndiyo maana muundo huu unatuhusu zaidi kuliko unavyomhusu yeye.

Jambo la kwanza la kukagua katika seti ya mitumba ya aina hii ni nukta ndogo ya rangi iliyo mgongoni mwa kila kichwa. Nukta hiyo si pambo. Inaonyesha pembe ambayo mpini unasimama kutoka kwenye kichwa: nyeusi ni ya kawaida, bluu imesimama zaidi kidogo, nyekundu imelala zaidi. Ikiwa fimbo imesimama kupita kiasi kwa umbo na swingi yako, ncha yake itakuwa juu wakati wa kugonga, na mpira wa mpigaji wa mkono wa kulia utaelekea kushoto. Ikilala kupita kiasi, utaelekea kulia hata kama umepiga vizuri. Kipimo chake ni rahisi na hakihitaji mashine. Chora mstari mnene wa kalamu ya wino kwenye mpira, uuweke mpira chini mstari ukiwa wima na ukiukabili uso wa fimbo, piga, kisha utazame alama iliyobaki usoni. Alama ikisimama wima, fimbo ni yako. Kilele cha alama kikiinamia upande wa ncha, fimbo imesimama mno. Kikiinamia kisigino, imelala mno. Mzee aliyeniuzia alinivumilia nikipiga mipira kumi hivi kwenye uwanja wa mazoezi wa Golf Park, kule ndani ya uwanja wa mbio za farasi wa Barabara ya Ngong, na alama saba kati ya hizo zilisimama wima. Nukta zake ni nyeusi. Lau zingekuwa za rangi isiyonifaa, nisingezichukua hata kwa nusu ya bei, kwa kuwa vichwa vyake ni vya chuma kigumu ambacho si kila fundi atakubali kukikunja.

Kagua pia nambari iliyogongwa kwenye shingo ya kila fimbo. Seti iliyotoka kiwandani pamoja huwa na nambari moja. Zikitofautiana, ujue seti imeunganishwa kutoka mifuko mbalimbali, na huenda urefu na ugumu wa mipini usilingane.

Sasa nifike kwenye nyasi, ambazo kwa maoni yangu ndizo zinazopaswa kuamua fimbo ya mchezaji wa Nairobi kabla ya tangazo lolote. Viwanja vyetu vingi vimetandazwa nyasi za Kikuyu, zile zile zilizopewa jina la wenyeji wa nyanda hizi na ambazo baadaye zilisambaa mpaka Australia, Afrika Kusini na California. Ni nyasi nene, zenye vikonyo vinavyotambaa na kushikana kama mkeka. Kwenye fewei, ile njia ya nyasi fupi inayoelekea shimoni, hilo ni jambo jema, maana mpira huketi juu yake kama umewekwa kwa mkono. Kando ya grini, uwanda wa nyasi fupi sana wenye shimo, mambo hubadilika. Mpira huzama nusu, na fimbo yenye wayo mwembamba hunaswa na vikonyo kabla haijaufikia, kichwa kikageuka na mpira ukasogea hatua mbili tu. Mvua za Aprili zikishanyesha, hali huwa ngumu zaidi.

Hapo ndipo weji ya mchanga ya Eye 2 iliponishangaza. Wayo wake ni mpana na wa mviringo, hivyo hauchimbi. Huteleza ndani ya nyasi na kutoka upande wa pili. Shingo yake imepunguzwa pale inapokutana na kichwa, na nahisi kwamba hilo nalo hupunguza mahali pa vikonyo kushika. Alasiri moja mpira wangu ulikuwa umezama kiasi cha kuonekana juu yake tu, hatua kumi kutoka bendera, bunka la mchanga likiwa katikati. Kwa kawaida ningechukua fimbo ya kutoa mpira pembeni na kukubali hasara. Kedi wangu, yaani mbeba mfuko, kijana anayeujua uwanja kuliko nijuavyo nyumba yangu, akaichomoa weji hiyo na kunipa. "Mzee, fungua uso, usikaze mkono, halafu usisimame katikati ya mpigo." Niliusikia wayo ukikwaruza nyasi, mpira ukapanda taratibu pamoja na majani mawili ya kijani, ukaangukia grini na kusimama hatua mbili kutoka shimoni. Baada ya hapo nilikwenda kuifanyia mazoezi weji hiyo peke yake kwa mwezi mzima.

Si mimi wa kwanza kuithamini. Mwaka 2010, kanuni mpya za mifereji iliyochongwa kwenye uso wa fimbo zilipoanza kutumika katika mashindano ya wachezaji wa kulipwa, Mmarekani Phil Mickelson, mmoja wa wachezaji hao, alikwenda na weji ya Ping Eye 2 kwenye uwanja wa Torrey Pines kule California, akitumia nafasi iliyoachwa na makubaliano ya zamani kati ya kampuni na wasimamizi wa kanuni, yaliyoruhusu fimbo zilizotengenezwa kabla ya Aprili 1990. Kulitokea ubishi mkubwa, na baadaye nafasi hiyo ikafungwa kwa wachezaji wa kulipwa. Kinachonivutia mimi ni kwamba Torrey Pines nao una nyasi za Kikuyu. Mchezaji wa ridhaa anayeingia mashindano makubwa aiulize kamati kuhusu kanuni za siku hiyo. Katika mchezo wetu wa kawaida wa klabu sijawahi kuulizwa.

Kuhusu umbali, msomaji asizilinganishe Eye 2 na fimbo za kisasa kwa kutazama nambari peke yake. Watengenezaji wa siku hizi wamezisimamisha nyuso za fimbo zao kuliko zamani, kiasi kwamba namba 7 mpya hufanya kazi karibu na ya namba 6 au hata 5 ya miaka ya themanini. Mwenzangu akipiga namba 8 mahali ninapopiga namba 7, hajanishinda kitu. Nairobi nayo hutusaidia sote: kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,600 hewa ni nyepesi, na mpira husafiri mbali kuliko pwani. Namba 7 yangu hunipa yadi 140 hapa. Nilipokwenda Nyali, kule Mombasa, mwezi wa Agosti ilinipa 130 kwa shida. Anayepimwa fimbo Nairobi na kucheza Mombasa mara nyingi alizingatie hilo.

Fimbo namba 3 sikuiweza, na namba 4 naiweza siku chache. Fimbo ndefu za chuma za zama zile zinadai kasi ambayo wengi wetu hatuna, kwa hiyo nimeiacha namba 3 nyumbani na kuweka mahali pake haibridi (mseto wa fimbo ya chuma na ile iitwayo ya mbao) ya bei nafuu, ambayo kichwa chake kipana hupita katika nyasi ndefu bila kuhangaika. Kanuni zinaruhusu fimbo 14 mfukoni. Mimi nabeba 11 na sijaona pengo la maana.

Mishiko ndiyo iliyohitaji gharama ya ziada. Ile ya zamani ilikuwa imekauka na kung'aa kama sabuni kuukuu, na mshiko unaoteleza humfanya mchezaji akabe fimbo, mikono ikakakamaa mpaka mabegani. Nilimpelekea fundi mmoja anayefanya kazi hiyo nyuma ya ghala la klabu. Aliikaza fimbo kwenye jiliwa, akaupasua mshiko wa zamani kwa kisu chenye mdomo uliopinda, akabandua gundi iliyobaki kwa kuikwangua, akazungushia utepe unaonata pande mbili. Kisha akamimina kimiminika ndani ya mshiko mpya huku ameziba tundu kwa kidole, akautikisa, akaumwagia na utepe, na kwa msukumo mmoja mshiko ukaingia wote. Anazo sekunde chache tu za kuunyoosha kabla haujashika. Kwa fimbo tisa alichukua muda usiofika saa mbili. Alinipima kiganja kwanza na kunichagulia mshiko mnene kidogo kuliko ule niliouzoea, na hilo pekee lilinipunguzia mipira ya kwenda kushoto.

Fedha zilizobaki, ambazo kwa hesabu ya seti mpya zilikuwa nyingi, nilizipeleka kwenye masomo kumi ya kocha na kwenye daftari la shilingi hamsini. Katika daftari hilo naandika kila mzunguko idadi ya mipigo ya puta niliyopiga, na mara ngapi nilishindwa kutoka nje ya nyasi ndefu kwa mpigo mmoja. Baada ya mizunguko minane niliona kwamba nilikuwa nikipoteza mipigo mingi zaidi ndani ya yadi 50 kuliko kwenye tii, mahali pa mpigo wa kwanza, wakati mazoezi yangu yote yalikuwa ya kupiga mbali. Nikageuza ratiba: theluthi mbili za muda kando ya grini, theluthi moja kwa fimbo zilizobaki. Handikapu yangu, kipimo cha uwezo ambacho kadiri kinavyopungua ndivyo mchezaji anavyokuwa bora, imeshuka kutoka 27 hadi 21. Kwa mfumo wa kimataifa ulioanza mwaka 2020, hesabu huchukua alama 8 bora kati ya 20 za mwisho, kwa hiyo si siku moja ya bahati iliyoishusha.

Sitamshauri kila mtu atafute Eye 2. Mwenye swingi ya taratibu sana, na hasa mwenye viungo vinavyouma, atafute mipini ya grafiti, kwa kuwa chuma hiki hupeleka mtikisiko mkononi unapokosea mpira asubuhi ya baridi ya Julai. Mwanamke au kijana anayeanza asirithi seti ya mwanamume mrefu kwa sababu tu ipo nyumbani. Urefu na uzito wake utamfundisha makosa. Aliye na kimo cha wastani, swingi ya kadiri na subira ya kukagua nukta, nambari na mishiko, atazipata seti hizi bado zinazunguka katika klabu zetu, mara nyingi kwenye mbao za matangazo karibu na vyumba vya kubadilishia nguo, na makedi ndio wanaojua mapema nani anataka kuuza. Mwambie muuzaji mkutane uwanjani, uende na mpira wako na kalamu ya wino, na umwombe akupe fimbo namba 7 kwanza, kisha weji ya mchanga, uipige ukiwa kwenye nyasi ndefu.