Skani ya SAP pale Royal Free London, tulimpeleka mama mdogo

Naandika hii kwa yeyote aliye na mgonjwa wa amiloidosisi huku Uingereza, yaani ugonjwa wa protini mbovu (amiloidi) kujazana ndani ya viungo vya mwili. Mama mdogo ana baridi yabisi ya miaka mingi, mwisho miguu ikaanza kuvimba na mkojo ukawa na povu kama la sabuni. Hospitali ya kwanza, sitaji jina, wakampiga altrasaundi wakasema figo safi, bandama limekua kidogo tu, mrudisheni nyumbani. Tukapoteza karibu mwaka mzima! Baadae ndo nikaelewa, altrasaundi na sitii skani zinakuonyesha kiungo kimekua au kimesinyaa lakini hazikwambii humo ndani kumejaa nini, figo inaweza kuonekana nzima kabisa huku protini inavuja. Mpaka walipokata kinyama cha figo wakakipaka rangi ya Congo red ndo jibu likaja, amiloidosisi aina ya AA, ile inayoletwa na magonjwa ya uvimbe wa muda mrefu kama baridi yabisi.

Tukapewa rufaa National Amyloidosis Centre, kituo cha ugonjwa huu kilichopo hospitali ya Royal Free, hiyo ilikuwa 2017, na hapa nawapa nyota zote tano. Skani yao ya SAP waliianzisha madaktari watafiti kina Mark Pepys na Philip Hawkins miaka ya 1980. Kuna protini ya kwenye damu, ndo hiyo SAP, inayojishika kwenye amiloidi, sasa wanaifunga na iodini 123 yenye mionzi kidogo, anachomwa sindano moja ya mshipa, anapewa na dawa ya kukinga tezi ya shingo, mnaondoka, kesho yake analala chini ya kamera basi, hakuna kukatwa tena.

Mchana daktari akatugeuzia skrini. Mwili mzima, mbele na nyuma, bandama jeusi ti kama wino umemwagika, yaani amiloidi imejaa humo, figo zote mbili nazo zimeshika weusi, ini halina kitu. Mama mdogo akanyoosha kidole akauliza, "Kumbe ndo huyu anayenitesa?" Nikatafsiri, na yule daktari akamweleza taratibu kwamba baridi yabisi ikitulizwa sawasawa amiloidi inaweza kupungua, na skani ikirudiwa watalinganisha. Hakuangalia saa hata mara moja, jamani nilikaribia kulia.

Mjue tu moyo hauonekani kwenye skani hii, moyo ulipimwa kwa eko (altrasaundi ya moyo) siku ileile ya kwanza. Halafu ni siku mbili, tafuteni pa kulala mapema, na mgonjwa mwenye miguu imevimba msimtembeze kutoka stesheni ya Belsize Park, kwenda ni mteremko ila kurudi ni kilima, sisi tulikodi taksi.