Lesi ya mkono ya Brugge: mara ya kwanza nilipigwa changa la macho

Mwaka juzi nilienda Ubelgiji kwa dada'ngu, siku moja tukaenda Brugge kutembea. Ule mji kila kona duka la lesi, vitambaa vya meza, leso, kola za watoto, mi nikaingia la kwanza tu nikauliza hii ya mkono? Muuzaji akasema ndio, nikatoa yuro 18 kwa kitambaa kikuubwa cha kuwekea maua, nikatoka najiona mjanja.

Mchana tukapita Kantcentrum, kituo cha lesi kule Balstraat, jengo lenyewe zamani lilikuwa shule ya lesi ya masista. Chini makumbusho, juu wamama wanafanya kazi mnawaangalia. Hapo ndo macho yakafunguka jamani. Kuna mto mgumu, juu yake karatasi ya mchoro iliyotobolewa, pini zimechomekwa kwenye vitundu na nyuzi zinatoka hapo kila mmoja na kijiti chake cha mbao. Sindano hamna. Wanashika vijiti vinne kwa wakati, na kazi yote ni kupishanisha na kusokota, pini, kupishanisha na kusokota, pini, basi. Aliyekulia kwenye nyumba wanasuka ukili ataelewa haraka, ila huku lesi nyembamba kama ya Binche, mji mwingine wa Ubelgiji, inaweza kula vijiti mia na kitu na mikono inakwenda huku mtu anapiga stori. Nikaomba nijaribu. Dakika ishirini nimetoa kipande kama ukucha wa dole gumba, na bado bibi wa watu ikabidi afumue nusu.

Nikamtolea kitambaa changu. Hakusema kitu, akanipa lenzi tu. Yaani kila ua la kwenye lesi lina uzi umechomoza upande uleule, mahali palepale, maua yote kumi na sita! Mkono haukosei hivyo. Halafu akanionyesha yake, petali imefumwa kama kitambaa kabisa, uzi unaufuata kwa macho juu chini juu chini mpaka unapogeukia kwenye pini.

Nikanunua nyingine duka tofauti, hawa wameandika wazi ipi ya mkono ipi ya mashine. Ua moja tu, saizi ya biskuti, yuro 60. Dada akaniuliza kama nimerogwa. Nikamwambia wewe kofia ya kiua ya mkono mtu anaishona miezi, umewahi kuilinganisha bei na ile ya mashine ya pale sokoni Darajani, Unguja? Akanyamaza.

Nilichopenda: nzito kidogo kuliko unavyodhani, haijafumuka pembeni mpaka leo, na hata upande wa nyuma ni safi. Nisichopenda, ni ndogo mno, kuishonea kwenye gauni roho inaniuma, kwa hiyo imekaa kwenye fremu. Nilipompelekea mama Unguja aione alifungua fremu kwanza akaigeuza nyuma, kama anavyokagua kofia, akatafuta mafundo weee, ndo akaniuliza bei.

Nyota nne kati ya tano. Ukienda beba lenzi, na duka likikwambia zote ni za mkono toka. Kuhusu kufua waliniambia maji ya uvuguvugu, usikamue, ilaze bapa uibane na pini ikauke, ila mi sijathubutu. Kile cha yuro 18 kipo juu ya friji, nakitupia kwenye mashine na mataulo, hakina neno.