SCO ya Elite Dangerous: nilitaka kuiponda

Siku nyingi nimetaka kuiponda hii SCO (Supercruise Overcharge, injini ya kuongeza kasi kwenye Elite Dangerous, mchezo wa kompyuta wa kurusha vyombo vya anga), na kila nikikaa kuandika najikuta nimeshaiwasha tena. Leo naandika hasira zikiwa bado za moto.

Kwa aliyeacha kucheza kabla ya Mei 2024: zamani ukishatokea kwenye nyota, safari ndiyo kwanza imeanza. Unachagua kituo, unaelekeza pua, unangoja. Ukipita karibu na sayari, uzito wake unakupunguzia mwendo. Muda uliobaki ukisoma sekunde saba, unarudisha kasi hadi robo tatu, la sivyo utakipitiliza kituo na kugeuka kwa aibu. Sasa kuna injini inayokubali kuchochewa. Unabonyeza, chombo kinachomoka. Hutton Orbital, kile kituo cha Alpha Centauri kilicho miaka ya nuru 0.22 kutoka unapotokea, kilikuwa mwendo wa kama saa moja na nusu. Ukiwa na mafuta ya kutosha, leo ni dakika chache.

Basi kijana mmoja wa kundi letu akaniuliza kile kikombe cha Hutton nilichokihifadhi cha nini. Nikamweleza kwamba watu walikuwa wakienda kule kwa makusudi, unapika, unakula, unaosha vyombo, ukirudi chombo bado kinakwenda, na kikombe ndiyo ushahidi. Akasema, "Kumbe wazee mlikuwa hamna kazi." Wenzake wakacheka hadi maiki zikakwaruza. Mtoto ambaye hata hiyo robo tatu haijui! Tangu usiku ule kila nikichochea injini nasikia kile kicheko, na pengine ndiyo maana kasoro zake naziona kubwa kuliko zilivyo.

Lakini zipo. Ifunge kwenye Type-9, lile jimeli kubwa la mizigo, halafu uje tuongee. Joto linapanda, pua inayumba huku na kule kama punda aliyekataa mzigo, mafuta yanayeyuka unayatazama. Unalenga kituo, unajikuta ng'ambo ya sayari. Python Mk II, chombo kilichoundwa kuendana nayo, inatulia vizuri, ila kwa miezi yake mitatu ya mwanzo ilipatikana kwa Arx tu, sarafu ambayo wengi wetu tunainunua kwa hela halisi. Mwenye chombo kikuukuu akae ayumbe. Hilo silisamehe.

Haya, nitasema na la pili, ingawa linaniuma. Kazi za stesheni za mbali, zile nilizokuwa nikizikataa bila hata kusoma malipo, sasa nazichukua. Mifumo yenye nyota ya pili huko mbali kabisa, sayari zake zote hazijaguswa na mtu kwa sababu nani angepoteza jioni nzima? Naenda. Nimeskani dunia ambazo zamani ningezipungia mkono tu. Na kwa umeme wetu huu, safari inayoisha kabla haujakatika ni neema.

Niliwahi kuing'oa nikarudisha injini ya zamani, nione kama utamu ungalipo. Utamu upo. Uvumilivu ndio umekwisha. Sikumaliza hata safari moja.

Kwa hiyo nyota tatu kati ya tano. Nne kwa mtafiti. Ukiwa na Type-9, mbili, na tembea na mafuta ya ziada.