Roadster juu wazi kwenye mvua, Msata mpaka Tegeta

Nina Mazda Roadster ya 1999, ile Wamarekani wanaita Miata na Waingereza MX-5, injini 1600, gia za mkono, siti mbili basi, paa lake ni turubai la kukunja, na buti la begi moja na nusu. Huu mwaka wa pili niko nayo na kila mtu kuanzia fundi mpaka mashangazi wa msibani swali lao ni lilelile, mvua ikinyesha je? Jibu sikuwa nalo kwa sababu nikiona wingu tu nafunga turubai mbio kama mtu anayeanua nguo. Sasa ninalo.

Ilikuwa mwezi wa nne, tunarudi Dar kutoka Tanga mimi na mdogo wangu, pale Msata nikakata kushoto nipite njia ya Bagamoyo kukwepa malori ya Morogoro Road. Ni kilometa 64 hivi mpaka Bagamoyo, lami nzuri, magari machache, yani ndo barabara ya gari kama hii. Jua linawaka, juu wazi, hatujafika Kiwangwa mvua ikaanza. Dogo akaniambia dada simama tufunge. Mimi nilishasikia kwamba ukiwa spidi huloi nikajua ni stori za vijiweni, nikamwambia tulia kwanza.

Nilikuwa 80 na kweli jamani hatuloi. Upepo unagonga kioo cha mbele unapanda, unayabeba matone unayapitisha juu ya kichwa, unayaona kabisa yakipita, hata maji ya kwenye kioo yanapanda badala ya kushuka, wipa zinachapa kazi na huku mapaja makavu na dashibodi kavu. Ila vioo vya milango viwe vimepandishwa, alafu na kile kibao kidogo cha nyuma ya siti kisimame, nilikilaza kujaribu tu nikapigwa matone ya kisogoni, kumbe upepo unazunguka unarudi kwa nyuma. Dogo akanyoosha mkono juu ya ukingo wa kioo, akaurudisha umelowa mpaka kiwiko, anasema inachoma kama michanga, anacheka peke yake.

Sasa Kiwangwa. Kibao cha 50 na matuta, na mimi na tochi za trafiki sitaki mazoea, nikapunguza. Kwenye 60 hivi tone la kwanza likatua utosini, kwenye 50 mabega yamelowa, alafu nimekanyaga breki ya tuta la kwanza maji yote yaliyojikusanya juu kwenye fremu ya kioo yakamwagika mapajani kwa mkupuo, ya baridi, nikapiga kelele. Mama mmoja alikuwa anafunika mananasi yake kwa nailoni akaacha kazi akatuangalia, "Mwanangu, paa limegoma?" Dogo akamjibu hapana mama, tunafanya majaribio. "Haya, poleni na majaribio."

Kijiji kikiisha unakanyaga, unakauka, yani ule upepo unakukausha shati kabisa, kikija kingine unalowa upya. Ndo ilivyokuwa mpaka Bagamoyo. Kwa hiyo wanaosema huloi ni wakweli ila wanaongelea barabara zisizo na matuta. Na malori wala hayafuati hiyo sheria ya upepo, likipishana na wewe linarusha maji mekundu ya pembeni kwa ubavu, tuliyala mawili kabla ya daraja la Ruvu na ladha yake naijua. Jingine la kuzingatia, hii gari ni nyepesi, inasukumwa na matairi ya nyuma, na yangu ni madogo ya inchi 14, kuna dimbwi moja niliingia usukani ukawa mwepesi ghafla kama sijashika kitu, nikashuka 70 bila kuambiwa na mtu.

Bunju ikawa foleni, mchezo umeisha. Kufunga turubai lenyewe ni sekunde chache, unalivuta kutoka nyuma unabana lachi mbili juu ya kioo, ila hakuna aliyenikumbusha kwamba likiwa limekunjwa linakinga maji kwenye mikunjo kama karai. Nilivolivuta tuliogeshwa wote wawili, mbele ya daladala iliyojaa watu na wote wanaangalia. Konda akatupigia makofi.

Kesho yake naingia kwenye gari mguu unasema chwaa. Kumbe nyuma ya siti kila upande kuna tundu la kutolea maji ya turubai, linatokea chini mbele ya tairi la nyuma, na mimi kazini napaki chini ya mwarobaini kila siku ya Mungu. Fundi akapitisha kampira kembamba, akanikataza kabisa nisitumie waya maana unatoboa bomba la ndani, likatoka tope la majani jeusi linanuka. Akasema maji yakikosa njia yanaingia kwenye vizingiti vya milango na kutu linakula kutokea ndani, ukiliona nje ujue limeshamaliza. Kwa hiyo unaetaka kununua moja ya hizi, kabla ya kusikiliza injini mwaga chupa ya maji nyuma ya siti uchungulie chini kama yanatoka.

Nitarudia? Kipande cha Msata na Kiwangwa, hata kesho. Kuanzia Mapinga kuja mjini, sithubutu. Siti zimekauka ila kapeti liko kwenye kamba uani leo siku ya nne, mama mwenye nyumba kaniuliza kama nimeanza biashara ya mazulia.