Kijiko cha mapenzi chenye jina la Angharad: nyota nne kati ya tano

Mjukuu wangu alipozaliwa, mwanangu na mkewe, ambaye ni Mwelisi, walimwita Angharad. Nikataka kumpa zawadi itakayodumu, nikaagiza llwy garu, kile kijiko cha mbao ambacho vijana wa Wales tangu zamani huwachongea wasichana waliowapenda. Kuna kimoja katika jumba la makumbusho la St Fagans, karibu na Cardiff, kilichochongwa mwaka 1667. Changu nilikiagiza kwa fundi mwenye duka dogo magharibi mwa Wales. Nililipa pauni 65, nikasubiri wiki tano.

Kikaja kimeandikwa ANGARAD. Herufi zilichongwa kwa ustadi, lakini H haikuwepo.

Niliumia, kwa sababu katika jina hili h ina kazi kubwa. Kupenda kwa Kiwelisi ni caru, na shina lake ni car. Mbele ya shina hilo kimewekwa kiambishi an-, ambacho hapa hutia nguvu: aliyependwa mno. N na c zikikutana namna hiyo, Kiwelisi huziyeyusha zikawa ngh. Kwa hiyo ukiifuta h unafuta alama ya ile c ya caru. Mkamwana wangu ndiye aliyenieleza haya, na akaniongezea kwamba liko pia neno angharedig, yaani asiye mwema, ambamo an- hukanusha badala ya kutia nguvu. Hata hicho kijiko, llwy garu, kimebeba caru ileile, ila humo c imegeuka g. Nimempa mtoto mwenye mapenzi katika jina kijiko chenye mapenzi katika jina, na nilipokuwa nikiagiza sikulijua hilo!

Kulitamka si shida kwetu. Ng ni ile ya ng'ombe, ifuatishe h, kisha mkazo uuweke kwenye silabi ya pili kutoka mwisho kama tunavyofanya siku zote: ang'-HA-rad.

Fundi nilimwandikia asubuhi, akajibu kabla ya jioni. Aliomba radhi, hakubishana, na siku ya kumi na mbili kijiko kipya kilifika bila malipo. Hiki sina la kukikosoa. Kina urefu wa sentimita 28, kimetolewa katika kipande kimoja cha mti wa sycamore, mbao nyeupe ambayo Wawelisi waliipendea vyombo vya maziwa kwa kuwa haiambukizi chakula ladha yake. Kina moyo, kina mnyororo wa pete tatu usio na kiungo hata kimoja cha gundi, na ndani ya kizimba kidogo kuna tufe moja linalozunguka, ishara ya mtoto mmoja. Nimepitisha kidole kila pembe, hakuna kibanzi.

Nyota niliyoikata ni ya kikaratasi kinachofuatana nacho. Kinasema tu, "anayependwa", basi. Jina la kale namna hii lilistahili zaidi. Angharad ferch Owain alikuwa mke wa Gruffudd ap Cynan, mfalme wa Gwynedd, na mama yake Owain Gwynedd. (Ferch ni binti, ap ni bin, sisi tunaelewa bila kufafanuliwa.) Mfalme alipokufa mwaka 1137 alimwachia nusu ya mali yake pamoja na mapato ya bandari ya Abermenai, naye akaishi miaka 25 zaidi, hadi 1162. Angharad mwingine, binti wa Nest, ndiye aliyemzaa Gerald wa Wales, yule kasisi mwandishi, katika ngome ya Manorbier. Mistari mitatu ya namna hiyo ingetosha, na mtoto akikua angejua ni akina nani waliolibeba jina lake kabla yake.

Ukiagiza, andika jina kwa herufi kubwa na uombe picha ya mchoro kabla patasi haijagusa mbao. Fundi huyu huituma ukiomba, mimi sikuomba. Nyuma ya mpini aliniongezea Pendo, jina la pili la mtoto, bila kunidai senti. Kijiko hicho kimetundikwa juu ya kitanda chake. Kile kisicho na h ninacho mimi, nakitumia kuchotea sukari.